Stripu za Kuhesabu

Baada ya duka la tano niliacha kusema ukweli. Nilikuwa nimezunguka Kariakoo tangu saa tatu asubuhi nikiulizia mashine ya kupimia sukari, na kila muuzaji, kabla hajataja bei, aliuliza swali lilelile: ya nani? Nikijibu kwamba ni ya paka, biashara iliishia hapo. Mmoja alimwita mwenzake kutoka stoo aje asikie. Mwingine aliniuliza kama paka huyo anakunywa chai na vitumbua. Kwenye duka la tano nilimkuta mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Huyo hakucheka. Alinitazama kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwani, akasema taratibu, "Mama yangu mdogo kafa kwa sukari, hela ya dawa ilikosekana. Wewe unamnunulia paka." Nilitoka, na hasira niliyotoka nayo ilikuwa ya mtu asiyejua amkasirikie nani.

Paka mwenyewe ni dume, rangi ya mchanga mkavu, ana miaka kumi hivi. Alizaliwa kwenye stoo ya mchele chini ya jengo letu, akakua kwa kukamata panya wa mwenye stoo, na siku stoo ilipogeuzwa kuwa duka la simu alipanda ngazi mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Nilimkuta mlangoni kwangu ameketi kama mjumbe aliyeleta barua. Sikumchagua. Nilifungua mlango, akaingia, na tangu hapo tunaishi wawili.

Masika ya mwaka jana ndipo alipoanza kunywa maji kama ng'ombe. Mimi ni msahihishaji wa maandishi katika kiwanda kidogo cha uchapaji Gerezani, na kazi hiyo imenizoesha kuandika ninachokiona, kwa hiyo niliandika. Bakuli la maji linakauka mara tatu kwa siku. Mchanga wake wa choo unalowa ndoo nzima. Anakula kuliko zamani na mbavu zinaonekana. Miguu ya nyuma anakanyagia kisigino chote, kama sungura. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo, Ilala, daktari alisoma daftari langu kabla ya kumgusa paka, akasema, "Umeshaniandikia jibu. Huyu ana kisukari."

Ofisi yake ilinuka chakula cha kuku, na kwenye kona kulikuwa na boksi la vifaranga wanaosubiri chanjo. Alikuwa mkweli, na hilo nitamshukuru daima. Alisema mbwa wawili amewahi kuwatibu sukari, paka hajawahi kumtibu hata mmoja, ila amesoma na yuko tayari kusoma tena. Insulini ingekuwa ileile ya binadamu, uniti moja asubuhi na moja jioni. Lakini bila kupima tungekuwa tunabahatisha.

"Mashine za wanyama zipo," alisema. "Utaagiza nje, na stripu zake utaagiza nje vilevile. Zikiisha Ijumaa, paka atasubiri kontena bandarini?"

"Kwa hiyo?"

"Nunua ya binadamu. Kwa paka inasoma chini kidogo kuliko hali halisi, mimi nitalijua hilo nikisoma namba zako. Ila usidanganywe na bei ya mashine, dada. Uliza bei ya stripu. Halafu uliza inataka damu kiasi gani, maana sikio la paka halina damu ya kumwaga. Halafu hakikisha stripu zake unazifuata kwa miguu."

Stripu ni vile vijiti vya plastiki, vyembamba kama ukucha uliokatwa, vinavyochomekwa kwenye mashine ili vinyonye tone la damu. Kila kipimo kinakula kijiti kimoja, na kikishatumika ni takataka. Kwa paka wangu hiyo ilikuwa na maana ya vijiti viwili kwa siku, angalau mwezi wa kwanza. Daktari alinieleza pia kwa nini tusibahatishe: insulini ikiwa kidogo paka atadhoofika polepole, ikizidi atakufa asubuhi moja.

Basi nilipofika duka la sita na muuzaji akauliza ya nani, nilisema, "Ya mama." Mama yangu yuko Lindi, mzima, anakunywa chai ya sukari vijiko vinne na hajawahi kuugua zaidi ya mafua. Nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Ilikuwa fremu nyembamba ya duka, iliyobanwa kati ya muuza mapazia na muuza masufuria. Magongo yalining'inia darini, kiti cha magurudumu kimefungwa nailoni, mashine za presha zimepangwa kwenye rafu kama redio. Muuzaji alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti jeupe la kidaktari, na kwenye mfuko wa koti kalamu tatu. Sijui hadi leo kama ana cheti cha chochote.

"Pole sana, dada. Mama ni mama," alisema, na alisema kwa huruma ambayo ningeapa ni ya kweli. Akaniwekea mashine tatu kwenye kioo cha kaunta.

Ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko zote, lakini ilitaka tone la kulowesha. Ya pili ilikuwa kubwa na ilisema namba kwa sauti ya mwanamke wa Kiingereza. Aliibonyeza mara mbili ili niisikie na akaniuliza kama mama hatafurahi. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu, inanyonya tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Niliitambua. Jirani yangu wa mlango wa pili, bibi wa Kihindi mwenye kisukari cha miaka mingi, anayo ya aina hiyohiyo. Nikachagua ya tatu. Bei yake niliiweza.

"Na kichupa cha stripu?"

Kichupa cha stripu hamsini kilikuwa ghali kuliko mashine yenyewe, tena kwa mbali. Nilirudia kuuliza, nikidhani nimesikia vibaya. Hapo ndipo nilipoelewa alichomaanisha daktari. Mashine wanakupa karibu bure ili wakupate. Ukishaichukua, utalipia kila tone la damu mpaka ufe wewe au mgonjwa wako. Mtu fulani mahali fulani, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, alikaa akalipanga hili, na alijua vizuri kabisa kwamba mwenye sukari hawezi kusema leo sipimi.

Insulini na sindano nilikuwa nimeshanunua. Kilichobaki kwenye pochi hakikufika nusu ya kichupa. Nikauliza swali nililolelewa nalo.

"Hamna za kuhesabu?"

Anayetoka kwingine huenda asielewe, lakini Kariakoo kila kitu kinafunguliwa. Tomato ya kopo inauzwa kwa kijiko, mafuta ya kula kwa kikombe, sigara moja, panadoli mbili. Manukato ya bei kubwa yananyonywa kwa bomba la sindano na kutiwa kwenye kichupa kidogo kama kidole, na bibi harusi ananukia vilevile kama tajiri. Mama yangu alitulea watoto wanne kwa vitu vya kufunguliwa. Sikuwahi kuona aibu kuuliza, na sikuwahi kukutana na kitu ambacho hakiwezi kugawanywa.

"Zipo, kwa nini zisiwepo," alisema muuzaji. Aliinama, akatoa kopo la maziwa ya unga, akafungua mfuniko, akachota stripu kwa vidole na kuzihesabu juu ya kioo kama anahesabu karata. Ishirini. Akazitia kwenye nailoni nyepesi ya kufungia karanga, akapiga fundo. Ukigawanya, kila moja iligharimu zaidi kuliko ingekuwa kwenye kichupa, lakini nani anagawanya akiwa na pochi iliyobaki na noti tatu.

Niliondoka pale nimefurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki zile mvua haikukatika. Jangwani kulijaa maji, barabara ikafungwa mara mbili, na ndani kwangu nguo zilikaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Chumvi ilishikana kwenye kopo. Nailoni yangu ya stripu niliitundika kwenye msumari wa jikoni, kando ya kalenda, ili nisiisahau.

Nilijifunza kumpima. Unapasha sikio joto kwa kitambaa, unatafuta ukingo wake ambapo kuna mshipa mwembamba, unachoma, unaminya, unapeleka mashine kwenye damu. Siku ya kwanza alinguruma na kunichana mkono. Siku ya tatu alikubali kwa dagaa watatu. Siku ya saba alikuwa anakuja mwenyewe na kuinamisha kichwa, na mimi nikawa namwambia, "Haya bwana mkubwa, tuone," kama muuguzi mzoefu.

Namba zilikuwa mbaya; paka mzima, daktari alisema, hukaa kati ya nne na nane. 22.6. Jioni 21.9. Kesho yake 23.1. Siku ya nne nilianza kupima mara moja kwa siku ili stripu zifike mbali, na bado ilikuwa ishirini na moja, ishirini na mbili. Wakati huohuo niliona mambo mengine, na niliyaandika: bakuli la maji sasa linakaa kutwa nzima bila kuisha. Mchanga haulowi kama zamani. Jana ameruka juu ya kiti. Yote hayo yaliniambia kwamba dawa inafanya kazi. Lakini mashine ilisema haifanyi, na mimi nikaiamini mashine kwa sababu ilikuwa na kioo na nukta.

Nilimpigia daktari nikamsomea orodha yote, kwa saa na tarehe. "Namba zako hazishuki," alisema. "Ongeza. Mbili asubuhi, mbili jioni." Simlaumu. Alipewa karatasi safi, yenye mistari iliyonyooka, na kila kilichoandikwa humo kilikuwa uongo.

Siku ya nne baada ya kuongeza ilikuwa Jumamosi. Saa tano asubuhi nilikuwa napepeta mchele mezani nilipomwona anatoka chini ya kitanda akiyumba. Alitembea hatua nne, akaegemea ukuta, akaanguka ubavu. Macho yalikuwa wazi, meusi yote. Miguu ilipiga hewa kama anaogelea. Nilikimbilia mashine, nikamchoma sikio, nikasubiri zile sekunde tano.

13.8.

Juu. Kwa hesabu yangu bado ilikuwa juu, kwa hiyo nilidhani sukari ndiyo inayomuua. Nilifungua friji, nikatoa insulini, nikavuta uniti mbili kwenye sindano. Paka alikuwa anajirusha, nikaona siwezi kumdunga peke yangu. Kwa sababu hiyo tu, kwa sababu nilihitaji mtu wa kumshika, nilikwenda kugonga mlango wa pili.

Bibi jirani alikuja na kitambaa cha jikoni mkononi, unga wa chapati hadi kwenye viwiko. Alimwangalia paka, akaangalia sindano mkononi mwangu.

"Hiyo ni nini?"

"Insulini, bibi. Imepanda, lazima—"

"Weka chini."

"Imesoma kumi na tatu."

"Nimesema weka chini! Huyu hajapanda, huyu ameshuka. Mimi mwenyewe hushuka hivi. Muulize marehemu mume wangu, aliniokota sakafuni mara ngapi." Alikuwa ameshatoka akizungumza, akarudi na mashine yake, ileile ya kijivu kama yangu, na kopo la glukosi ya unga. Alipima damu iliyokuwa bado inachuruzika sikioni.

1.9.

Sitausahau ule muda. Alichovya kidole kwenye maji, kisha kwenye glukosi, akampaka paka kwenye fizi, ndani ya shavu, tena na tena, akimsemesha Kigujarati kwa ukali kama anamkemea mjukuu. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha paka nikimwangalia. Paka alimng'ata bibi kidole, bibi hakutoa mkono. Baada ya dakika kumi na kitu ulimi ulitoka na kulamba wenyewe. Baada ya saa moja mashine ya bibi ilisoma 4.8 na paka akajaribu kusimama, akakaa, akajaribu tena. Sindano ilikuwa bado mezani imejaa. Niliimwaga kwenye sinki.

Bibi alinawa mikono. "Lete stripu zako."

Nilimletea nailoni. Aliishika kwa fundo lake, kwa vidole viwili, akaining'iniza mbele ya dirisha.

"Kichupa kiko wapi?"

"Nilinunua za kuhesabu."

"Umenunua stripu kama pilipili manga?"

Akanionyesha kichupa chake. Ndani ya kifuniko mna dawa ya kukausha hewa. Unafungua, unatoa moja, unafunga, na unafunga kabla hata hujachoma kidole. Hewa ya Dar peke yake inatosha kuziharibu, alisema, sembuse hii ya masika. Kijiti kilichonyonya unyevu bado kinafanya kazi, bado kinatoa namba, ila namba hiyo haihusiani na damu yako. Alisema yeye alielezwa na daktari wake mwaka wa kwanza. Mimi sikuelezwa na mtu.

Nilikwenda kuitafuta karatasi iliyokuja ndani ya boksi la mashine. Ilikuwa imekunjwa mara kumi na mbili, kwa maandishi ya ukubwa wa chembe ya mchanga. Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kiarabu. Kiswahili hakuna. Ule mstari ulikuwapo, ukurasa wa tatu kwa Kiingereza: stripu zisitolewe kwenye kichupa chake mpaka wakati wa kutumia. Mimi ninalipwa kusoma. Kila siku nasoma hadi majina ya wajumbe wa kamati kwenye kadi za harusi nisije nikaruka herufi, na karatasi hii nilikuwa sijaifungua.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Nilipita duka la dawa karibu na hospitali, nikanunua kichupa kizima kwa fedha niliyokopeshwa na bibi, kikiwa na lakiri yake, nikakitia mkobani pamoja na mashine na ile nailoni. Kisha nikaenda Kariakoo.

"Dada!" Muuzaji alinitambua nikiwa bado nje. "Karibu. Mama anaendeleaje?"

Kwenye kigoda kando ya kaunta alikaa mzee mmoja, mrefu, amevaa shati lililopigwa pasi, amebana kipande cha pamba kwenye kidole. Ilikuwa wazi kwamba ametoka kupimwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia marahaba, nikamgeukia muuzaji.

"Stripu ulizoniuzia ni mbovu."

"Haiwezekani. Watu wote wanachukua hapa."

"Mgonjwa wangu kaanguka Jumamosi. Mashine inasema kumi na tatu, kumbe ana moja nukta tisa."

Alibadilika rangi. Nilimwona. "Pole, dada. Pole kweli. Mama amelazwa wapi?"

"Hajalazwa. Ni paka."

Akaangua kicheko, akashika kaunta kwa mikono miwili. "Paka! Ah, dada, bwana wee, umenitisha. Nimeshaanza kuwaza polisi. Kumbe paka!" Alimgeukia mzee. "Mzee, umesikia? Paka ana sukari!" Mzee hakucheka. Muuza mapazia alichungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Siku ile nilikuambia ni mama," nilisema.

"Eh?"

"Nilikuambia ni ya mama yangu. Ukanipa pole. Ukasema mama ni mama. Halafu ukainama ukamhesabia mama yangu stripu kutoka kwenye kopo la maziwa."

Kicheko kilikatika. Alipanga kalamu zake mfukoni. "Wewe ndiye uliyeomba za kuhesabu," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. "Mimi sikukulazimisha. Nikisema nauza kichupa tu, nusu ya watu hapa hawapimi kabisa. Mimi nawasaidia."

Na hapo alinigusa, kwa sababu nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo aliyojificha nyuma yake.

Mzee alikuwa ananitazama. "Unasema hizi ni mbovu?" Aliinua mkono wa pili. Alikuwa na nailoni ya karanga, fundo lilelile, stripu kama kumi.

"Amekupima sasa hivi, baba?"

"Kumi na tano na kitu."

"Kumi na tano nukta mbili," alisema muuzaji. "Mzee wangu anapenda ugali."

Nilimwomba mzee kidole. Alisita, akanipa. Nikatoa kichupa, nikakata lakiri mbele yao, nikatoa kijiti kimoja, nikafunga. Mashine yangu ilisoma 5.3.

"Mashine zinatofautiana," alisema muuzaji haraka.

"Sawa. Lete ya kwako."

"Ya nini?"

"Uliyompimia. Ilete, ni aina hiihii, wewe ndiye uliyeniuzia." Muuza mapazia alikuwa ameshaingia ndani, na nyuma yake wanawake wawili wenye mifuko ya rambo. Muuzaji hakuwa na pa kwenda. Aliisukuma mashine juu ya kioo. Nilichomeka kijiti kutoka kwenye kichupa changu, nikaminya kidole kilekile cha mzee. 5.6. Kisha nikachukua kijiti kutoka kwenye nailoni ya mzee, mashine ileile, kidole kilekile. 14.9.

Mmoja wa wale wanawake alisema, "Yesu wangu."

Nilitegemea mzee amgeukie muuzaji. Akanigeukia mimi.

"Sasa wewe unanifanya nini?" alisema. Alikuwa amekasirika. "Nimekuja hapa mwaka mzima. Kliniki wanataka daftari, nawapelekea daftari. Mwezi uliopita daktari kaniongezea vidonge kwa sababu ya hizi namba. Nikawa saa nne asubuhi natetemeka, natoka jasho, nadhani uzee. Leo unaniambia nini? Kwamba niache? Nikanunue chupa nzima? Mimi nimebeba magunia bandarini miaka ishirini na sita, unajua nalipwa nini sasa hivi? Hapa ndipo ninapoweza! Unapafunga, nitakwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa muuzaji. Kwa muuzaji nilikuwa na namba, ushahidi na mashahidi. Kwa mzee sikuwa na kitu. Nilimwambia, na nilisikia jinsi inavyosikika, kwamba afadhali asipime kabisa kuliko kupima na hizo. Nilimwambia arudi kliniki kesho, asisubiri tarehe, awaeleze hivi na hivi. Niliziandika zile namba tatu nilizompima kwenye daftari lake, na pembeni yake nikaandika stripu ya kila moja imetoka wapi. Nilimhesabia kwa kidole, moja, mbili, tatu, ili akaweze kueleza.

"Nirudishie hela yangu," mzee alimwambia muuzaji, akitupa nailoni juu ya kioo.

"Mzee, mali ikishauzwa—"

"Mrudishie," alisema muuza mapazia.

Alimrudishia. Mimi sikudai yangu. Mzee alitia daftari mfukoni, akakataa nimsindikize hata hadi barabarani, akaondoka akipita katikati ya mikokoteni bila kuangalia nyuma. Muuzaji alichukua kitambaa, akafuta damu kwenye kioo. "Umeridhika?" aliniuliza. Sikuwa nimeridhika. Kopo lilikuwa bado pale chini, nililiona kwa macho yangu, na nilijua kwamba hatalimwaga.

Wiki mbili baadaye nilipita. Nilimtuma mwanamke mmoja tunayefanya naye kazi aulize za kuhesabu. Alirudi na kumi, ndani ya nailoni. Nimeandika barua mahali panapohusika, nimepewa mhuri wa kupokelewa, na hadi naandika haya sijajibiwa.

Paka yuko hai. Tulirudi uniti moja, kisha daktari akapunguza hadi nusu asubuhi, na bakuli la maji linaenda vizuri. Mguu wa nyuma wa kulia bado anauburuza anapopanda ngazi. Daktari anasema huenda ni sukari ya zamani, huenda ni ile Jumamosi, hawezi kuniambia. Kichupa tunanunua kimoja mimi na bibi, kwa kuchanga, kinakaa kwake, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nagonga mlango nikiwa nimembeba. Bibi hupima kwanza, kisha paka. Wanagombana namba ya nani ni nzuri. Leo asubuhi bibi alikuwa na 7.9, paka 8.4, na bibi alifurahi siku nzima.

Mzee sijamwona tena. Nimemuulizia kwa muuza mapazia mara tatu. Sikumuuliza jina siku ile, wala kliniki yake ni ipi. Niliomba kidole tu. Sukari ya paka wangu naijua kila siku, hadi nukta. Ya yule mzee siijui, na hakuna mlango ninaoweza kwenda kuugonga.